Kikohozi Kilichopendeza

Siku ile mjinga alikuwa Alban Thwaite, na afadhali tukubali hilo mapema tusije tukalumbana baadaye. Si mjinga wa darasani, maana Kilatini alikisoma kama watu wengine wanavyosoma bei ya bia ukutani. Wake ulikuwa ule ujinga wa mtu aliyesoma jambo moja sana hadi likamkalia machoni. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Juni, saa kumi na moja jioni, jua la Oxford linawaka kama halina habari ya kuzama, naye Alban amepanda juu ya kiti katika chumba cha juu cha chuo cha St Osyth, anavuta mapazia mazito ya kijani ili apate giza la kuwashia mishumaa.

Giza hilo lilikuwa la kumkumbuka Tamsin.

Tamsin Oldroyd alikuwa amekufa mwezi wa Februari kwa nimonia. Wenzake wa Chama cha Mshumaa, waliokuwa sita na sasa wamebaki watano, walimwalika mama yake aje kutoka Grimsby ale nao chakula cha kumbukumbu. Chakula chenyewe kilikuwa na shughuli nyuma yake. Kulikuwa na picha ya Tamsin ameketi dirishani, picha aliyoipiga Alban, na chama kilitaka itundikwe juu ya meko ya chumba kile ikae hapo miaka na miaka. Chuo kilikubali, ila kikasema hakitundiki uso wa marehemu mpaka mzazi aridhie. Kazi ya kumwomba mzazi alipewa Alban. Wenzake walimpa kwa sababu walijua alimpenda Tamsin. Wote walijua. Aliyekuwa hajaambiwa ni Tamsin.

Chama kilikuwa cha kusoma riwaya, na riwaya za aina moja tu. Unazijua hata kama hujawahi kuzigusa. Kuna chuo cha kale chenye ukungu. Kuna vijana wazuri waliovaa makoti ya babu zao, wanaosoma lugha ambazo hata makaburini hazisemwi tena. Kuna mmoja maskini aliyejipenyeza kati yao na kuwaabudu. Kabla kitabu hakijafika nusu mtu anauawa, kisha waliobaki wanahuzunika vizuri sana, wamesimama kwenye theluji.

Alban alizianza katika maktaba ya mtaa wao kule Wolverhampton, mgongo wake umeegemea bomba la joto, kwa sababu nyumbani kwa baba yake, dereva wa basi, kulikuwa na televisheni moja na midomo mingi ya kuigombania. Mtaani kwao kijana aliyependa vitabu alitazamwa kama mwenye upele. Riwaya zile zilimwambia kuwa kuna mahali upele huo ni urembo. Akasoma kama mwenye njaa, akafaulu, akaja Oxford na sanduku moja na joho la mtumba alilolinunua kabla hata hajapewa chumba.

Joho hilo ndilo lililomleta kwa Tamsin. Chuoni, mwanafunzi wa kawaida huvaa joho fupi lisilo na mikono, kitambaa tu cha kuning'inia mgongoni. Joho refu la mikono mipana ni la waliokwisha kushinda mitihani kwa daraja la juu. Lakini nani angemwambia Alban? Kwenye riwaya zake majoho yote yalipepea. Basi jioni ya kwanza ya kula ukumbini akaingia anapepea, mgeni asiye na mtihani hata mmoja, na meza nzima ikanyamaza kama aliyeingia ni askofu. Alipogundua alitaka kujificha chini ya benchi. Msichana aliyekaa ng'ambo yake, nywele zimefungwa kwa penseli, akampitishia kisu cha siagi.

"Kata hapo kwenye magoti," akamwambia. "Kitambaa kitakachobaki nishonee pazia."

Alicheka kwa sauti kubwa, kicheko cha watu waliozoea kuongea kwenye kelele za mashine, na Alban akajikuta anacheka naye. Tangu hapo walikaa pamoja.

Tamsin alizipenda zile riwaya na kuzisimanga kwa pumzi moja. Alikuwa na maswali yake. Nani anafua soksi za hawa watu? Mbona hakuna hata mmoja anayepigiwa simu na mama yake? Wanakunywa divai kitabu kizima bila kula hata kipande cha mkate, halafu wanashangaa wakiona maiti. Peregrine Ashcombe, mwenyekiti wa chama, kijana mpole ambaye kwao kulikuwa na ziwa, alikuwa akimwambia kuwa anaua uchawi. Tamsin alimjibu kuwa uchawi unaokufa kwa soksi haukuwa na afya tangu mwanzo. Kisha anarudi dirishani na kitabu, na hang'oki hapo mpaka kimeisha.

Siku moja Alban alimuuliza, kama anavicheka hivyo, anavisomea nini.

"Kwa sababu ni vizuri, mjinga wewe," Tamsin alisema, bila kuinua macho. "Ndicho kinachoniudhi."

Kikohozi kilimwanza Januari. Chumba chake kilikuwa upande usiopata jua, na joto la humo lilikuja kwa kubahatisha, kwa hiyo alishinda ndani ya koti zito la babu yake hata kitandani. Chama kilikipokea kikohozi kama mwanachama mpya. Peregrine alikipa jina, kikohozi cha kishairi, na Tamsin akawa anakiinamia kama mcheza tamthilia akisikia makofi. Alikonda, akapauka, macho yakawa makubwa, na kila aliyemtazama alisema ametoka ukurasani. Mwisho wa mwezi, mchana mmoja, alikaa kwenye dirisha lao, mwanga unampiga ubavuni, mkono mmoja umekusanya kola ya koti kooni, midomo imeachana kidogo. Alban akatoa simu akampiga picha. Wote walipoiona walivuta pumzi kwa uzuri wake.

Baada ya mazishi Alban hakuweza kufungua riwaya yoyote. Alijaribu mara moja. Kwenye ukurasa ule ule alioufungua kulikuwa na msichana anakufa, theluji imemtua kwenye kope, maneno yamepangwa kama shanga. Alikitupa kitabu chini ya kitanda. Baada ya muda akashuka kwa magoti kukitafuta, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo angeweza kugeuza ukurasa akamsikia mtu pale dirishani akiuliza habari za soksi. Alizichukia na kuzihitaji. Akaamua, kijana wa watu, kwamba akimwandalia Tamsin jioni moja kama ya kwenye vitabu, zile hisia mbili zitapatana.

Alikwenda kumpokea mama stesheni. Bi. Oldroyd alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa koti la mvua siku isiyo na wingu. Alikuwa amebadilisha treni njiani na mkononi ameshika mfuko wa plastiki. Watu wa Grimsby humwita kila mtu kipenzi, dereva wa teksi, mkusanya tikiti, hata polisi, na Alban naye aliitwa hivyo kabla hajasema jina lake.

"Wewe ndiye Alban," alisema. "Aliniambia umekonda. Nimekuletea samaki."

Walikuwa samaki wa moshi, wamefungwa vizuri kwenye gazeti, wananukia stesheni nzima. Alban alishukuru sana. Walipofika lango la chuo alimwomba bawabu awahifadhie mfuko huo, kisha akamwambia mama kuwa utawekwa kwenye friji. Friji haikuwepo. Kulikuwa na chumba kilichoandaliwa mishumaa ya nta na maua meupe, na Alban alifikiria harufu ile ikipanda ngazi.

Njiani walizungumza habari za treni, na za duka la chipsi alikofanya kazi mama, na jinsi Tamsin alivyokuwa akisoma nyuma ya kaunta hadi kurasa zikawa na mafuta. Walipokaribia ngazi mama alisimama kama anayetafuta leso.

"Nilikuwa nije Jumapili ile," akasema. "Nilishaomba ruhusa kazini na tikiti nilikuwa nayo." Akapenga makamasi. "Akafa Jumamosi."

Alban alianza kupanda, na kwa mara ya kwanza alishukuru kuwa ngazi zilikuwa nyingi.

Chumbani mama alisimama mlangoni hadi macho yazoee. Nje ya mapazia ndege walikuwa wanapiga kelele na watu wanapita na mashua mtoni wakicheka.

"Mmekatiwa umeme?" aliuliza.

Walicheka, naye akacheka, na kicheko chake kikawa kile kile cha Tamsin. Basi jioni ikaanza vizuri kuliko alivyothubutu kutumaini. Peregrine alimvutia mama kiti na kumwekea supu kwa mkono wake. Kila mmoja alikuwa na kisa cha Tamsin, na mama alikuwa na njaa ya visa kuliko ya chakula; alikuwa akiweka kijiko chini kila mara jina lilipotajwa. Walimweleza jinsi Tamsin alivyombishia profesa mpaka profesa akaomba chai. Walimweleza habari za joho na kisu cha siagi, na mama akamtazama Alban kwa macho mengine, kana kwamba sasa ndiyo amempata.

Kisha wakamfundisha kutoza kikombe cha divai. Mezani kwao, mtu husimama na kutaja kosa bila kumtaja mkosaji. Husema, namtoza kikombe yeyote aliyelala kwenye somo la Alhamisi, na aliyelala hana budi kusimama na kukinywa chote mbele ya watu. Hakuna kujitetea. Anayejitetea anatozwa cha pili. Walisema Tamsin ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa akimtoza yeyote aliyevaa joho ambalo hajalifanyia kazi, kila wiki, mwaka mzima, na kila wiki Alban akasimama.

"Na wewe unakunywa tu?" mama alimuuliza.

Alban alisema sheria ni sheria. Mama akatikisa kichwa anatabasamu, akasema mwanawe alikuwa jeuri tangu tumboni. Palikuwa na joto mle ndani, na siyo la mishumaa tu. Alban aliona muda umefika. Alisimama akaenda kwenye meko, akatoa kitambaa kilichofunika picha, na kwa sauti aliyokuwa ameifanyia mazoezi akasema kuwa wangependa, kama yeye mama ataridhia, Tamsin abaki nao hapa, kama walivyomjua.

Picha ilikuwa imekuzwa hadi ukubwa wa dirisha dogo. Mwanga wa mishumaa ulimfaa. Uso mweupe, mkono kwenye kola, macho yaliyofumba nusu. Mtu mmoja mezani alivuta pumzi, kama siku ile.

Mama aliinuka akaisogelea. Alisimama mbele yake muda mrefu hivi kwamba Peregrine aliinama kidogo kumwangalia kama analia. Hakuwa analia. Alikuwa ameinua mkono wake mwenyewe, anakusanya kola ya koti lake la mvua kooni, taratibu, kama anayepima nguo.

"Nani alipiga?"

"Mimi," Alban alisema.

"Lini?"

Alisema mwisho wa Januari, mchana, walikuwa wote hapo.

"Alikuwa na kifua toka mdogo," mama alisema. Aliisemea picha. "Kikimbana anashika hapa, hivi. Anadhani akishika pumzi haitaponyoka. Nikifungua mlango wa chumba chake nilikuwa nauona mkono kabla ya uso." Akashusha wa kwake. "Hapa hakai vizuri apigwe picha, kipenzi. Hapa anatafuta hewa."

Alban aliitazama picha. Alikuwa ameiangalia kila siku tangu Februari, ilikuwa kitu cha kwanza asubuhi, na angeweza kuichora amefumba macho. Sasa aliona mishipa ya shingo ilivyosimama. Aliona vidole vilivyokaza mpaka kucha zikawa nyeupe. Hapakuwa na kipya. Vilikuwepo siku zote. Alivisoma tu kwa lugha nyingine.

Peregrine alijaribu. Haki yake apewe, hakujaribu kwa ubaya. Alieleza kwa upole kwamba kwao picha ile ilikuwa ndiyo Tamsin mwenyewe, kwamba walikuwa wakisoma vitabu fulani pamoja, vitabu alivyovipenda sana, na kwamba siku ile alionekana kana kwamba ametoka humo. Wao walitaka kumtunza katika uzuri ule. Aliendelea zaidi kidogo kuliko ilivyofaa, kwa sababu hakuna aliyemzuia, akataja neno uzuri mara nyingine mbili, na kila alipolitaja lilipungua.

"Alinisomea kimoja kwenye simu," mama alisema. "Ni vizuri kweli. Nililia, nimesimama na kijiko cha chipsi mkononi, wateja wananitazama." Alirudi kwenye kiti chake lakini hakukaa. "Mgeni anaruhusiwa kutoza?"

Alban akasema anaruhusiwa.

Mama alishika kikombe chake kama walivyomfundisha.

"Namtoza yeyote aliyemsikia mwanangu akikohoa."

Kiti cha kwanza kusogea kilikuwa cha Alban, ingawa alikuwa tayari amesimama. Alikisukuma ili apate nafasi ya kufikia meza. Alikunywa. Divai ilikuwa nzuri, na hilo lilimuumiza. Alipokuwa bado anakunywa alisikia kiti cha pili, halafu cha tatu, hadi wakawa wamesimama wote, na Peregrine wa mwisho, machozi yanamshuka waziwazi kama mtoto. Hakuna aliyejitetea. Vikombe vikarudi mezani kimoja kimoja.

Mama alisubiri mpaka cha mwisho. Kisha alikwenda kwenye meko akaitoa picha kwenye kisimamio chake. Alitazama huku na huku, akauliza mfuko wake wa samaki uko wapi, maana angeitia humo. Alban alisema uko kwa bawabu. Mama alimwangalia. Alielewa habari ya friji pale pale, na kwa jinsi alivyoinamisha macho ilikuwa wazi kuwa hata hilo amemsamehe, na kwamba kusamehewa huko kutamfuata kijana mbali. Akaiweka picha kwapani, uso ukimwelekea yeye.

Alikuwa ameshika kitasa cha mlango ndipo Alban, ambaye wakati wote huo angeweza kunyamaza na kuwa binadamu wa kawaida, alipokumbuka kuwa ana jambo moja limebaki. Si picha. Picha ilikwisha. Alikuwa anatazama mgongo wa koti la mvua ukiondoka na Tamsin mzima mzima, na dirisha, na kisu cha siagi, na mwaka wote ule uliokuwa wake peke yake duniani, na aliona kuwa mama akishuka ngazi bila kulikubali hili moja, basi mwaka huo haukuwahi kuwapo. Aliogopa hivyo. Akazunguka meza akamfikia, akaziba njia bila kutaka.

"Alikuwa na furaha hapa, Bi. Oldroyd," alisema. "Nakuapia. Hata hicho kikohozi, yeye mwenyewe alikuwa anakicheka. Alikicheka pamoja nasi."

Nyuma yake mtu alikuwa ameanza kufungua mapazia, na jua likaingia moja kwa moja usoni mwa mama, naye hakupepesa.

"Kucheka alicheka nanyi, kipenzi," alisema. "Kulia alinipigia simu mimi."